Funika Maandishi, Mwache Mtoto Aanze: Jinsi ya Kufundisha Watoto Wadogo kwa Vitabu vya Picha za Wanyama

Alikaa darasani kwangu wiki tatu bila kutamka neno. Akiitwa jina anainua mkono. Akitaka kwenda chooni anasimama mlangoni na kunitazama. Asubuhi moja tulikuwa mkekani, kitabu cha ndege kikiwa mapajani mwangu, na tulipofika kwenye picha ya kunguru akanyanyuka, akaja mpaka mbele, akaweka kidole kwenye mdomo wa yule ndege na kusema: "Huyu ndiye aliyeiba sabuni ya mama."

Nilikuwa sijasoma hata mstari mmoja wa ukurasa ule. Ulikuwa na sentensi moja tu, kwamba kunguru ni ndege mweusi. Ningetangulia kuisoma, watoto wangeitikia kwa pamoja kama wanavyoitikia salamu, tungefunua ukurasa unaofuata, na habari ya sabuni ingebaki moyoni mwa mtoto yule.

Tangu siku hiyo nimebadilisha namna ninavyotumia vitabu vya picha. Nafundisha chekechea Mbagala, Dar es Salaam, na haya ninayoyaeleza nimeyafanya na watoto wa miaka mitatu hadi sita. Yanamfaa mwalimu mwenye darasa lililojaa, na yanamfaa mzazi mwenye mtoto mmoja sebuleni ambaye mwakani ataanza darasa la awali.

Hatua ya 1: Tafuta kitabu kinachozungumzika

Kabla hujakinunua au kukiazima, kisimamishe ukutani, kifungue popote, kisha rudi nyuma hatua nne. Kama kutoka hapo humtambui mnyama aliyechorwa, mtoto wa safu ya nyuma naye hatamtambua. Maandishi yasizidi mstari mmoja au miwili kwa ukurasa. Watoto wa miaka mitatu wanahitaji karatasi ngumu, maana bado wanafunua kwa ngumi.

Kubwa zaidi, mnyama awe anafanya jambo. Picha ya mbuzi aliyesimama tu huisha kwa neno moja: "Mbuzi." Picha ya mbuzi aliyepanda juu ya banda na kutafuna nguo iliyoanikwa ina maswali ya siku tatu. Nguo ni ya nani? Nani hakufunga kamba? Mama akirudi atasema nini?

Anza na wanyama wa mtaani. Kuku, paka, bata, mbuzi, njiwa, kunguru, mjusi, chura, konokono, jongoo. Hao mtoto anawajua kwa macho na masikio, hivyo maneno anayo tayari na kinachobaki ni kuyatoa. Wakishazoea kuzungumza, leta twiga, tembo, kiboko na mamba. Dubu na simbamarara waje mwisho kabisa, na mtoto aambiwe wazi kwamba hao hawaishi mbugani kwetu, wako nchi za mbali. Nasema hivi kwa sababu vitabu vingi vya alfabeti vinaandika kwamba D ni ya dubu. Nilivitumia mwaka wangu wa kwanza, na watoto wakawa wanamtaja mnyama ambaye hawana chochote cha kusimulia juu yake. D ya dagaa wanaijua mpaka harufu. D ya duma inawangoja Serengeti, humuhumu nchini.

Kuna vitabu ambamo wanyama huvaa suruali na kupika ugali, na kuna vitabu ambamo wanyama wanaishi kama walivyo. Tumia vyote, ila siku tofauti. Siku ya hadithi, sungura na fisi wazungumze, wadanganyane, na watoto wapime nani alikosea. Siku ya kumjua fisi mwenyewe, chukua picha ya fisi halisi. Ukivichanganya siku moja, mtoto wa miaka minne atakuuliza fisi hununua wapi viatu vyake, na swali lake litakuwa halali.

Kitabu kinapatikana wapi

Maktaba Kuu ya Taifa, pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ina sehemu ya watoto. Nenda na mtoto Jumamosi, akae chini mwenyewe, avute kitabu mwenyewe. Kwenye simu kuna maktaba za bure za hadithi za picha, African Storybook na StoryWeaver, na zote mbili zina hadithi za Kiswahili zinazoruhusiwa kupakuliwa na kuchapwa. Mimi huenda nazo duka la steshenari, nachapa kurasa chache kwa rangi nyeusi, nazibandika kwenye manila na kuzishona pembeni kwa uzi wa viatu. Picha isiyo na rangi ina faida yake: watoto wanaipaka wenyewe, na wakati wa kupaka ndipo mabishano yanapoanza kama jogoo ana rangi tatu au nne.

Hata bila kuchapa, picha zimejaa mtaani. Kalenda za zamani, mifuko ya chakula cha kuku, mfuko wa simenti ya Wazo wenye twiga. Mkia wa ndege ya Air Tanzania una twiga vilevile, na watoto wa Kipawa, jirani na uwanja wa ndege, wanamwona akipita juu ya mapaa yao. Halafu kuna fedha. Sarafu ya shilingi 50 ina kifaru, ya 100 ina swala, ya 200 ina simba, ya 500 ina nyati. Noti ya 2,000 ina simba, ya 5,000 ina kifaru, ya 10,000 ina tembo. Weka sarafu chini ya karatasi nyepesi, mpe mtoto penseli asugue juu yake taratibu, na mnyama atajitokeza. Sarafu nne, wanyama wanne, kurasa nne: hicho ni kitabu tayari. (Sarafu zikusanywe na kuhesabiwa kabla ya kwenda mapumziko. Watoto wadogo huzitia mdomoni.)

Hatua ya 2: Kisome peke yako kwanza

Dakika kumi usiku zinatosha. Chagua maneno matano tu unayotaka yabaki kwa mtoto, yaandike ndani ya jalada kwa penseli, na mengine yapite. Kwa kitabu cha kuku huwa nachagua mabawa, kishungi, kifaranga, kutaga na kuatamia. Watoto wengi wanajua kwamba kuku "analalia" mayai. Wakiondoka na "kuatamia", wameondoka na neno la kudumu.

Hatua ya 3: Kaa nao chini

Kitini, mwalimu yuko juu na picha iko juu. Mkekani, kitabu kiko usawa wa macho. Kaa dirisha likiwa nyuma ya watoto, mwanga uangukie ukurasa.

Darasa la watoto sitini halisomi kitabu kimoja cha picha kwa pamoja. Nilijaribu, na kumi na wawili wa mbele ndio walioona. Sasa nawagawa makundi matano, kila kundi siku yake. Kundi la siku hiyo linakaa nami dakika kumi na tano, wengine wanapanga vizibo, wanachora mchangani, au wanafinyanga udongo. Kelele zitakuwepo. Ni bora kelele hizo kuliko watoto arobaini na wanane walionyamaza huku hawaoni kitu.

Hatua ya 4: Funika maandishi, uliza, subiri

Chukua kipande cha manila, ufunike mistari iliyo chini ya picha. Uliza swali moja: "Unaona nini?" Kisha nyamaza.

Kunyamaza ndiko kugumu. Sisi walimu tukiuliza na mtoto asijibu papo hapo, tunajibu wenyewe. Hesabu moja hadi kumi kimoyomoyo huku unatazama picha, usimkodolee mtoto macho. Mara nyingi jibu linakuja kwenye saba au nane. Anayechelewa huwa anatafuta neno, na ukimwahi umemnyang'anya.

Akisema "Ng'ombe," usiseme "Vizuri sana" na kufunua ukurasa. Lichukue neno lake, lirefushe kidogo, umrudishie pamoja na swali:

"Ndiyo, ng'ombe mweupe. Anafanya nini?"
"Anakula."
"Anakula majani mabichi. Wewe ulimwona wapi ng'ombe?"
"Kwa babu. Alinipiga mkia."
"Alikupiga kwa mkia! Alikuwa anafukuza nini?"

Kwa mazungumzo hayo mtoto ametoka neno moja hadi sentensi yenye kisa. Akikosea, mrudishie lililo sahihi ndani ya jibu lako bila kumkatiza. Amesema "ng'ombe kinakula"? Wewe sema, "Eeh, ng'ombe anakula." Atalisikia.

Swali la "Huyu ni nani?" lina jibu moja na linaisha haraka. Haya hufika mbali: Anakwenda wapi? Kwa nini amejificha? Ungekuwa wewe ungefanyaje? Kabla hatujafunua ukurasa, kutatokea nini?

Hatua ya 5: Sasa soma

Siku ya pili ondoa manila, usome huku kidole kinapita chini ya maneno kutoka kushoto kwenda kulia. Mtoto ataona kwamba michoro ile midogo ndiyo inayokupa sauti. Soma polepole, badilisha sauti kwa kila mnyama, na usimame kabla ya neno la mwisho wa sentensi ili walimalize wao.

Fungua kama wanavyofungua bibi zetu. "Hadithi hadithi!" Nao: "Hadithi njoo!" Wote hunyamaza papo hapo bila kupigiwa kelele. Na ukurasa wa kuku unapokaribia, tega kitendawili kwanza: nyumba yangu haina mlango. Waache wahangaike, waseme kaburi, waseme boksi, mpaka mmoja atazame picha na kupaza sauti: "Yai!"

Hatua ya 6: Kiswahili kilichomo ndani ya wanyama

Hapa ndipo ninapotaka ukae kwa muda. Watu wengi hutumia kitabu cha wanyama kufundisha majina tu, na majina ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote.

Tazama ngeli. Kikombe kimeanguka, lakini kifaranga ameanguka. Viti vimevunjika, lakini vipepeo wameruka. Mtoto anayejifunza kusema husikia "ki" mwanzoni mwa kiboko na kuhitimisha kwamba "kiboko kinaoga". Amefikiri vizuri, ila hajajua bado kwamba kiumbe chenye uhai hupewa heshima ya "a" na "wa". Huna haja ya kulitaja neno ngeli mbele yake. Weka picha mbili pembeni, kifaranga na kikombe, na mchezo uwe: nani anaanguka, nini kinaanguka?

Halafu wape maneno yanayofanana. Mbuzi wa zizini na mbuzi ya kukunia nazi: mbuzi amevunjika mguu, mbuzi imevunjika mguu. Kanga wa porini na kanga ya mama: kanga amekimbia, kanga imekauka. Hapo huwa nawaonyesha madoadoa meupe ya yule ndege, kwa sababu watu wa pwani husimulia kwamba kanga ya kuvaa ilirithi jina kutoka kwake, enzi vitambaa vilipokuwa na madoadoa kama yale. Mtoto mmoja alikwenda nyumbani akapekua sanduku la bibi yake kutafuta kanga yenye madoa.

Hesabu nazo zimo humo. Mtoto akizoeshwa kuhesabu "moja, mbili, tatu" peke yake, atakuja kusema "twiga mbili". Kwenye kitabu tunahesabu kwa kugusa: twiga mmoja, twiga wawili, watatu, wanne, watano. Kisha sita, saba, ambazo hazibadiliki, halafu wanane, kisha tisa na kumi, hazibadiliki tena. Imbeni kwa mdundo, wataishika kabla ya wiki kwisha. Kisha chora ubaoni mti na anga. Juu ya mti weka ndege wawili. Angani weka ndege mbili. Usieleze. Waulize tu zipi zina abiria na wepi wana mabawa ya manyoya. Darasa langu lilicheka, likanyamaza kidogo, likaanza kufikiri.

Silabi: tunapiga makofi. Ku-ku, makofi mawili. Ki-bo-ko, matatu. Ko-no-ko-no, manne. Ukifika kwa mbu, wengi hupiga mara moja. Waambie walitamke polepole kama wanaoimba: m-bu. Makofi mawili. N-zi, n-ge, m-bwa vilevile. Sasa waulize mbuzi: mbu-zi, mawili pia, kwa kuwa ile m imeng'ang'ania wenzake. Mtoto anayeisikia tofauti hiyo kwa viganja vyake hatahangaika sana atakapokutana na herufi zenyewe.

Na vitenzi. Kwa watoto wengi wa mjini kila mnyama "analia". Lakini jogoo huwika, mbwa hubweka, simba hunguruma, nyuki huvuma, chura hukoroma. Kila mnyama pia ana mwendo wake: nyoka hutambaa, kaa hutembea kiubavu, chura huruka. Wasimame, waigize, na anayetazama ataje kitenzi. Hili lifanyike kabla ya uji, kwani baada ya uji miili inakuwa mizito.

Wazazi wengine huja wakiniomba niwafundishe watoto majina ya wanyama kwa Kiingereza tu, kwa sababu wanajiandaa kwenda shule za mchepuo wa Kiingereza. Nawaelewa. Ninachowajibu ni kwamba mtoto anayeweza kusimulia kwa Kiswahili jinsi kunguru alivyoiba sabuni, nani alimwona na akakimbilia wapi, ana kisa cha kusema katika lugha yoyote atakayofundishwa. Mwenye orodha ya majina ishirini bila kisa hana cha kusema kwa lugha hata moja.

Hatua ya 7: Pima mnyama kwa mwili wa mtoto

Ukurasa una sentimita ishirini, na twiga aliyemo ana ukubwa wa kiganja. Mtoto hawezi kujua urefu wake kwa kuambiwa "ni mrefu sana".

Tulichukua kamba ya kuanikia nguo, tukapima mita 5.5, urefu anaoufikia twiga dume mkubwa, tukailaza uwanjani. Mtoto wa kwanza akalala mwanzoni mwa kamba, wa pili miguu ikigusa kichwa cha wa kwanza, wa tatu, wa nne, wa tano. Kamba ikaisha. "Watoto watano!" Kisha ukutani nikachora mstari wa chaki kwenye mita 1.8, kimo cha mtoto wa twiga siku anayozaliwa. Baba mmoja aliyekuja kumchukua mwanawe akaambiwa asimame pale, na mstari ukampita. Mwanawe alimtazama baba, akatazama mstari, akauliza: "Baba, kumbe mtoto wa twiga anakuzidi?"

Mwishoni waliweka vidole nyuma ya shingo zao. Shingo ya twiga, pamoja na urefu wake wote, ina mifupa saba, idadi ileile ya mifupa ya shingo ya binadamu. Yake ni mirefu tu.

Tafuta kitu cha aina hiyo kwa kila mnyama mkubwa. Tembo hubeba mimba miezi 22. Chui na duma watofautishwe kwa kuangalia: duma ana mistari miwili myeusi inayoshuka kutoka machoni hadi mdomoni kama machozi, na madoa yake yamejaa, ilhali ya chui yamejipanga kama vipete. Wape picha zote mbili bila majina, wazipange. Wataanza kutazama madoa kwa makini kuliko sisi.

Hatua ya 8: Toka nje na kitabu

Beba kitabu mkononi mwende hadi kwenye banda la kuku la jirani, na mtoto alinganishe. Kitabu chetu kilikuwa na kunguru mweusi mwili mzima. Watoto walitazama juu ya nguzo ya umeme, wakamkataa: wa mtaani kwetu ana shingo ya kijivu. Walikuwa sahihi. Kunguru huyu asili yake ni Asia ya Kusini. Aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, akavuka hadi bara, na leo ameijaza Dar es Salaam akila vifaranga na mayai ya ndege wengine. Yupo kunguru mwingine, wa asili ya Afrika, mwenye kifua cheupe. Tuliandika kwenye jalada: "Kunguru wetu ana shingo ya kijivu." Walijivunia sana kukisahihisha kitabu.

Mkiwa na kitabu cha baharini, nendeni soko la samaki la Feri asubuhi, watoto wachache na watu wazima wa kutosha, mmewashika mikono. Pweza aliye ukurasani ana mikono minane; pale sokoni wataihesabu.

Nje mtakutana na wanyama wanaoogopesha, kwa hiyo zungumzeni kabla ya kutoka. Mbwa asiyefahamika haguswi, hata akitikisa mkia. Akimng'ata mtoto, jeraha lioshwe mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mtoto apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwani kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili huua. Nyoka: simama, rudi nyuma, mwite mtu mzima.

Bundi na kinyonga wanataka busara. Wapo watoto wanaofumba macho wakiona picha ya bundi, kwa kuwa nyumbani wamesikia ni mkosi. Simcheki mtoto na wala sisemi nyumbani kwao wamekosea. Naonyesha kucha zake, namwambia kwamba usiku huwinda panya, kisha nauliza nani nyumbani kwao anasumbuliwa na panya. Mikono huinuka yote.

Hatua ya 9: Kipeleke nyumbani

Niliwahi kufundisha mahali ambapo vitabu vilifungiwa kabatini visichafuke. Vilikuwa safi, na hakuna mtoto aliyevijua. Kwangu kila Ijumaa watoto watano wanaondoka na kitabu ndani ya mfuko wa kitambaa, wanarudisha Jumatatu. Maelezo kwa mzazi ni mafupi: muulize mtoto anaona nini, msubiri, msikilize.

Bibi mmoja anayelea mjukuu wake alikirudisha siku ileile. "Mwalimu, mimi kusoma sijui." Nikamwambia, "Shikamoo bibi. Maneno yafunike tu na kanga yako, mwache mjukuu akusomee picha, nawe umweleze unavyowajua hao wanyama." Jumatatu mtoto alisimulia habari za fisi aliyeingia zizini kwa babu yake zamani, kisa ambacho hakimo kitabuni, kina mwanzo, kina mwisho, na sauti ya bibi imo ndani yake.

Hatua ya 10: Kirudie, na kikichanika kishone

Kitabu kimoja kikae wiki moja au mbili. Mtoto anayeomba kile kile kwa mara ya nane bado ana kazi nacho: safari ya kwanza alimwona paka, ya tano ameona panya aliyejificha nyuma ya mtungi. Utajua kimeisha pale watoto watakapoanza kukifunua harakaharaka bila kubishana.

Kikichanika, tumia selotepu pana pande zote mbili, mtoto aliyekichana akiwa ameshika ukurasa. Jalada livalishwe nailoni. Mikono inawe kwanza, hasa baada ya maembe.

Alama nyingine usizifute. Kile kitabu cha ndege kilikwenda Ijumaa moja na yule mtoto wa sabuni. Kiliporudi, kunguru alikuwa na kipande cha pembe nne mdomoni, kimechorwa kwa kalamu ya bluu, kimekolezwa vizuri. Kila mwaka, nikiwa na watoto wapya mkekani, nafunika maandishi, nafungua ukurasa ule, nauliza wanaona nini. Mara zote kuna mmoja anayesogea, anaweka kidole pale kwenye bluu na kuuliza amebeba nini, na kabla sijafungua mdomo mwenzake ameshaanza kujibu.